Nafsi ya Tatu

Katika kila lugha yamo maneno makubwa na maneno madogo. Maneno makubwa, kama haki, uhuru, heshima na ukweli, hutazamwa na watu wote. Huandikiwa vitabu, husifiwa na washairi na hugombewa barazani. Maneno madogo hupita kama watumishi katika nyumba kubwa: hufungua milango, hubeba mizigo, wala hapana mgeni aulizaye majina yao. Lakini aghalabu mtumishi ndiye ajuaye siri ya nyumba. Atakaye kujua watu wa lugha fulani wamemweka wapi binadamu mwenzao, hana budi kusikiliza si tu wasemavyo juu ya haki, bali pia neno dogo walitumialo wamtajapo mtu ambaye hayupo mbele yao.

Neno moja la namna hiyo limewashughulisha wasemao Kiingereza kwa karne nyingi, na katika zama hizi limekuwa jambo la mabishano shuleni, bungeni na magazetini mwao. Nalo ni neno la kujirejea, yaani lile lionyeshalo kuwa mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Kiswahili huifanya kazi hii kwa silabi moja, “ji”. Mwalimu akisema, “Kila mwanafunzi ajitegemee,” amekwisha sema yote yaliyompasa. Hakumtaja mvulana wala msichana. Hakumwacha mtu nje ya mlango. Akitaka kutia mkazo ataongeza “mwenyewe”, na neno hilo nalo halimwulizi mtu kama ni wa kiume au wa kike.

Mwalimu huyo akitaka kuisema sentensi hiyo kwa Kiingereza hufika njia panda. Akichagua “himself”, amemtaja mwanamume, na wasichana wa darasa hawana budi kujihesabu kuwa wamo kwa hisani. Akichagua “herself”, amewatoa wavulana. Akiyaunganisha yote mawili ametenda haki kwa mizani, lakini sentensi imekuwa nzito, na ikirudiwa mara tatu katika ukurasa mmoja msomaji huchoka. Neno “itself” ni la vitu na wanyama. Kumpa mtu mzima ni kumtoa katika hesabu ya watu. Neno “oneself” hufaa panaposemwa juu ya mtu yeyote kwa jumla, lakini halikai vema baada ya “kila mwanafunzi”. Neno “themselves” halibagui, ila ni la watu wengi, na mwanafunzi anayesemwa ni mmoja. Limebaki moja, “themself”. Sehemu yake ya kwanza ni ya wingi, maana yake wao. Sehemu yake ya pili ni ya umoja, maana yake nafsi moja. Neno hili halimtaji mume wala mke, lakini vizazi vingi vya wanafunzi vimeambiwa kuwa ni kosa.

Yamkini mtu akasema kuwa haya ni mambo ya sarufi, na kwamba wanasarufi waachiwe wenyewe. Lakini chini ya swali la sarufi limelala swali la adabu na haki: msemaji ana ruhusa ya kusema kiasi gani juu ya mtu asiyekuwapo? Na palipo na hitilafu baina ya kanuni ya hesabu na heshima ya mtu, ni ipi kati ya hizo mbili ipaswayo kuipisha nyingine?

Sarufi ya Kiswahili ina istilahi yenye hekima ambayo huenda watumiaji wake wameizoea mno hata hawaisikii. Husemwa kuwa kuna nafsi ya kwanza, naye ni anayesema. Nafsi ya pili, naye ni anayesemeshwa. Na nafsi ya tatu, naye ni anayesemwa. Wanasarufi wa Kiarabu walimpa huyu wa tatu jina la wazi zaidi: walimwita ghaibu, yaani asiyekuwapo. Katika jina hilo mna fundisho. Wa kwanza ana ulimi wake na wa pili ana masikio yake. Wakisemwa vibaya waweza kujibu. Wa tatu hana moja wala jingine katika mazungumzo yale. Yote yasemwayo juu yake yako katika amana ya wale wawili.

Sasa, Kiingereza kitazamwe kwa mwanga huo. Mtu ajisemapo mwenyewe husema “myself”, na neno hilo halina jinsia. Asemeshwapo na mwenzake huambiwa “yourself”, na neno hilo nalo halina jinsia. Jinsia huingia pale tu mtu afanyikapo wa tatu. Maadamu yupo, nafsi yake ni nafsi tu. Akiisha kuupa mgongo mlango, wenzake humvika vazi la kiume au la kike kabla hawajasema neno jingine. Tena lipo jambo la pili. Katika “myself” na “yourself” mna umilikaji: ni kama kusema nafsi yangu, nafsi yako. Katika “himself” na “themself” umilikaji huo haumo. Ni kama kusema yeye nafsi, wao nafsi. Watu wa mashambani na mijini katika sehemu nyingi za Uingereza na Marekani wamekuwa wakisema “hisself” na “theirselves”, yaani nafsi yake na nafsi zao, lakini shule zimewakanya. Bila shaka haya yalitokea kwa ajali za historia, wala hapana aliyekaa akapanga njama. Hata hivyo yaliyotokea kwa ajali yaweza kumwumiza mtu kama yale yaliyokusudiwa.

Historia yenyewe yastahili kusimuliwa, kwa sababu huonyesha kuwa mambo yangaliweza kuwa vingine. Lugha zilizo ndugu na jirani za Kiingereza zina neno moja la kujirejea litumikalo kwa wote. Kijerumani kina “sich”, Kiswidi kina “sig”, na Kifaransa kina “se” kilichorithiwa kutoka Kilatini. Si kwamba lugha hizi hazijali jinsia. Kijerumani na Kifaransa huzipa jinsia hata meza na funguo. Lakini zikifika mahali ambapo mtenda hujitenda mwenyewe, hunyamaza: mume akijiona, mke akijiona na watu wengi wakijiona, neno ni lile lile. Ni kama kwamba lugha hizo zilikubali kuwa mtu akirudi kwake mwenyewe hapana haja ya kumwuliza tena yeye ni nani.

Kiingereza kilikuwa kimelipoteza neno la namna hiyo kabla ya maandishi yake ya kale tuliyoachiwa na wahenga wake. Waingereza wa zamani walitumia viwakilishi vya kawaida kwa kazi zote mbili, hata sentensi yenye maana ya “alimwua” ikaweza kumaanisha pia “alijiua”. Ili kuondoa mashaka walizidi kuongeza neno “self”, na maneno mawili yakashikana yakawa moja. Hivyo ndivyo “himself” na “herself” yalivyozaliwa. Na “themself” halikuchelewa. Lilionekana tangu karne ya 14, likawa neno la kawaida, mpaka katikati ya karne ya 16 ambapo “themselves” lilishika mahali pake. Katika karne ya 14 hiyo hiyo kiwakilishi cha wingi “they” kilikwisha kuanza kutumika kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia yake. Kwa hiyo wasemao kuwa matumizi haya ni uzushi wa vijana wa leo wanamshitaki mzee wa miaka mia sita kwa kosa la kuzaliwa jana.

Walioyafukuza matumizi hayo katika vitabu walikuja baadaye. Katikati ya karne ya 18 Ann Fisher, mwalimu wa kike wa mji wa Newcastle, alitoa kitabu cha sarufi chenye kanuni kuwa kiwakilishi cha kiume hutosha kwa jina la jumla lenye kukusanya wanaume na wanawake. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa sarufi yake ya Kiingereza, nayo ikatumika shuleni kwa muda mrefu pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Yeye alishikilia kuwa kiwakilishi sharti kipatane na jina lake kwa hesabu: mmoja awe mmoja, wengi wawe wengi. Kanuni hizi mbili zikishikwa pamoja, jibu lililobaki ni “himself”. Basi hesabu iliheshimiwa, na nusu ya wanadamu wakaambiwa kuwa wamo ndani ya neno lisilowataja.

Je, walikuwamo kweli? Hapa ndipo neno dogo lilipopelekwa mahakamani. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria zake, ikasema kuwa maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawakusanya na wanawake, ila pale ambapo kinyume chake kimesemwa wazi. Mtu aliyeisoma angeweza kuridhika: kumbe “he” ni wote, na “himself” ni nafsi ya kila mtu. Lakini tarehe 20 Mei 1867, muswada wa kuongeza wapiga kura ulipokuwa ukijadiliwa, John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa mbunge, alipendekeza neno “man”, ambalo ni mwanamume na pia ni binadamu, liondolewe, na mahali pake litiwe “person”, yaani mtu. Kura 73 zilimwunga mkono na kura 196 zilimpinga. Kama neno la kiume lilikuwa likimaanisha kila mtu, wale 196 waliogopa nini?

Jawabu lilikuja mwaka uliofuata. Wanawake 5,346 wa Manchester waliomba kuandikishwa kuwa wapiga kura, na wakili Richard Pankhurst alikuwa miongoni mwa waliowatetea. Hoja ilikuwa nyepesi: sheria ya mwaka 1850 imesema kuwa neno la kiume linawakusanya wanawake, basi na wakusanywe. Katika kesi ya Chorlton na Lings ya mwaka 1868 majaji walikataa. Walisema kuwa Bunge halikuweza kuwa limekusudia jambo kubwa kama hilo. Huko Marekani Susan B. Anthony alipiga kura mwaka 1872, akashitakiwa, na mwaka 1873 akatozwa faini ya dola 100 ambayo hakuilipa. Katika hotuba zake alionyesha kuwa sheria za kodi na za adhabu zilijaa viwakilishi vya kiume, na bado wanawake walitozwa kodi na kufungwa gerezani kwa sheria hizo. Kama neno la kiume haliwahusu wanawake katika kura, alisema kwa maana, basi lisiwahusu katika kodi wala katika kitanzi. Huko Kanada Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1928 kuwa wanawake si watu wenye sifa za kuteuliwa katika Seneti. Haikuwa mpaka tarehe 18 Oktoba 1929 ambapo baraza la rufani la London lilisema kuwa neno “persons” linawahusu na wanawake.

Kesi hizi zafundisha jambo moja. Neno lisemalo kuwa linawakusanya wote, lakini likataja wa namna moja tu, huwa kama mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Mzigo ukigawanywa, mlango hufunguliwa na mwanamke huambiwa, “Ingia, nawe umo.” Faida ikigawanywa, mlango hufungwa na huambiwa, “Soma vizuri, hukutajwa.” Udhalimu wake haumo katika kufunguliwa wala katika kufungwa; umo katika kutojua, kila asubuhi, kama leo umehesabiwa au la.

Wapo walioliona tatizo na kutafuta dawa kwa kubuni maneno mapya. Mmoja wao alikuwa Charles Crozat Converse, mwanasheria na mtunzi wa muziki, ambaye sauti aliyoitunga kwa wimbo wa dini juu ya Yesu kuwa rafiki huimbwa hata leo katika makanisa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1884 alitangaza kiwakilishi “thon” kwa mtu wa jinsia yoyote. Neno hilo liliingizwa katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934, na katika toleo la mwaka 1961 likatolewa kwa kukosa watumiaji. Mtaalamu Dennis Baron, katika kitabu chake cha mwaka 2020 juu ya viwakilishi, ameonyesha kuwa maneno yaliyobuniwa kwa kazi hii yapita 200. Karibu yote yamekufa. Sauti ya Converse imeishi na neno lake limezikwa, kwa sababu wimbo hupendwa na mtu mmoja mmoja, lakini kiwakilishi sharti kikubaliwe na umati ambao haukuulizwa.

Lililofaulu si neno jipya bali ni lile la kale. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa miswada yake itaandikwa kwa lugha isiyobagua jinsia. Mwaka 2017 mwongozo wa uandishi wa Chicago ulikubali “they” kwa mtu mmoja asiyejitambulisha kwa jinsia ya kiume wala ya kike, ukataja na “themself” kuwa laweza kutumika. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliongeza maana hiyo ya “they”. Hivyo neno lililotoka mlango wa mbele katika karne ya 16 limerudi kwa mlango wa nyuma, nalo lina kazi mbili sasa: kumtaja mtu ambaye jinsia yake haijulikani, na kumtaja mtu ambaye mwenyewe ameomba asitajwe kwa jinsia.

Wapingao wana hoja, na hoja zao zastahili kusikilizwa kwa utulivu. Ya kwanza ni ile ya Murray: mmoja si wengi, na lugha ikichanganya hesabu ukweli huchafuka. Hoja hii ina wazee wa kuheshimiwa. Mwaka 1660 George Fox, kiongozi wa Wakweka, alitoa pamoja na wenziwe kitabu kizima cha kufundisha tofauti ya umoja na wingi. Zama hizo Waingereza walikuwa wakiacha “thou”, neno la mtu mmoja anayesemeshwa, na kumwita kila mtu mwenye cheo “you”, ambalo asili yake ni ninyi. Wakweka waliona kuwa kumwambia mtu mmoja ninyi ni uongo na ni kujipendekeza. Waliwaambia matajiri na mahakimu “thou”, wakatukanwa na kupigwa kwa ajili hiyo. Walikuwa na haki katika moyo wao, kwa kuwa walitaka wakubwa na wadogo wawe sawa mbele ya neno. Lakini umati ulikwenda njia nyingine. Leo kila Mwingereza humwita mtu mmoja “you”, na hapana adhaniye kuwa amesema uongo.

Lakini katika ushinde huo lilibaki jambo la ajabu. “You are” huambiwa mmoja na huambiwa wengi bila tofauti. Kiingereza chenye kufuata kanuni hutenganisha umoja na wingi wa msemeshwa katika neno la kujirejea: “yourself” kwa mmoja, “yourselves” kwa wengi. Mwili wa sentensi ulikwisha kuvaa wingi, lakini nafsi imebaki moja. Basi “themself” haifanyi jambo lolote ambalo “yourself” haijafanya tangu zamani. Kama hili la pili ni halali, yafaa aelezwe kwa nini la kwanza ni haramu. Tena wafalme wa Kiingereza walijiita “ourself”, na mfano wake umo katika tamthilia za Shakespeare: wingi mbele, umoja nyuma, kwa mtu mmoja aliyekaa juu ya kiti cha enzi. Hapana mwalimu aliyemsahihisha mfalme. Iweje hesabu ipinde kwa ajili ya taji, na isipinde kwa ajili ya mwanafunzi?

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kuwa lugha ni mali ya wote, na mtu mmoja hana haki ya kuwaamuru wenzake watumie neno gani. Na kwamba heshima itolewayo kwa hofu si heshima. Wengine huongeza kuwa kwa imani yao binadamu ameumbwa mume na mke, na kwamba wakilazimishwa kusema kinyume watakuwa wamesema wasiloliamini. Hoja hii haifai kudharauliwa. Dhamiri ya msemaji ni mali yake kama vile nafsi ya msemwa ilivyo mali yake, na jamii inayovunja dhamiri ya mmoja ili kulinda heshima ya mwingine imehamisha jeraha tu, haikuliponya.

Hata hivyo hapana budi kutofautisha baina ya uongo na kunyamaza. Mtu aulizwaye umri wa jirani yake, akajibu kuwa jirani ni mtu mzima, hakusema uongo; hakusema zaidi tu. Neno “themself” halisemi kuwa mtu hana jinsia, wala halisemi kuwa anayo nyingine. Halisemi lolote juu ya jambo hilo. Asadikiye kuwa watu ni wa namna mbili aweza kulitumia bila kukana imani yake, kama vile Mswahili asadikiye hivyo asemavyo “ajitegemee” kila siku bila kuona kuwa amekana kitu. Na mtu aliyeomba asitajwe kwa jinsia haombi wenzake watie sahihi chini ya mafundisho yake. Aomba jambo dogo: kwamba atakapokuwa hayupo, wenzake wasiufunge mjadala juu ya kichwa chake. Mzazi aweza kumwita mwanawe Shida au Furaha, na walimwengu huliita jina hilo bila kuulizwa kama wanaona shida au furaha usoni pake. Jina ni ukumbusho wa namna mtu alivyopokewa duniani. Si kiapo cha kila amwitaye.

Msomaji wa Kiswahili asifanye haraka kujisifu mbele ya mashaka haya ya wengine. Ni kweli kwamba “yeye” wetu ni wa wote, na kwamba Kiswahili kilipoazima neno “nafsi” kutoka Kiarabu hakikuazima jinsia pamoja nalo. Mwarabu husema “nafsahu” kwa mwanamume na “nafsaha” kwa mwanamke, na Mswahili husema “nafsi yake” akanyamaza. Ni kweli pia kwamba mfasiri wa Kiswahili kwenda Kiingereza huionja hasara. Methali isemayo “Mchimba kisima huingia mwenyewe” huonya kila mchimba kisima, awe bwana au bibi. Mfasiri akiandika “himself”, mwanamume ametumbukia kisimani na mwanamke amebaki ukingoni akitazama, kana kwamba hila ni kazi ya wanaume peke yao. Wahenga hawakusema hivyo.

Lakini kiwakilishi kisichobagua hakikuwafanya watu wake wasibague. Kiajemi na Kituruki navyo havitofautishi mume na mke katika nafsi ya tatu, na historia za nchi hizo si historia za usawa. Na Kiswahili chenyewe, kilichonyamaza katika kiwakilishi, kilisema katika kitenzi: kwa desturi mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa katika jambo ambalo wote wawili wamelitenda. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na haikuwa mpaka mwaka 2019 ambapo Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuwa tofauti hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Silabi “ji” ilikuwapo muda huo wote, nayo haikumtetea binti hata mmoja. Lugha yaweza kuufungua mlango. Haiwezi kumshika mtu mkono ikampitisha.

Basi neno dogo lisipewe kazi ya sheria, wala lisitazamiwe kufanya miujiza ya elimu na malezi. Lipewe kazi yake ya haki, nayo ni adabu kwa asiyekuwapo. Desturi njema za pwani na bara hukataza kumsengenya mtu, si kwa sababu yote yasemwayo katika masengenyo ni uongo, bali kwa sababu msemwa hayupo kuyapima. Kanuni hiyo hiyo yatosha hapa. Pale msemaji asipoijua jinsia ya mtu, asiitaje. Pale anapoijua lakini haihusu jambo linalosemwa, hana hasara akiiacha. Pale mtu mwenyewe alipoomba iachwe, kuitaja kwa makusudi ni kumsema mbele ya watu kwa jambo alilotaka asisemwe. Na hesabu ya umoja na wingi ikiteguka kidogo katika kazi hiyo, itapona, kama ilivyopona katika “yourself”. Sentensi haioni haya wala haina machozi. Mtu anayo yote mawili.

Iko siku kila msemaji hutoka chumbani, na mazungumzo huendelea nyuma yake. Wakati huo naye amekuwa nafsi ya tatu. Hana ulimi pale wala masikio. Ana neno dogo tu, lililo mikononi mwa waliobaki.